Mtoto ana tetekuwanga na ndege ni Ijumaa

Kwanza mvue shati karibu na dirisha, umpige picha ya vipele, iwe ushahidi kwa bima yako ya safari. Mwanangu alianza na vipele viwili vitatu tumboni. Kufika jioni mgongo mzima malengelenge, na sisi mabegi ya Zanzibar tumeshafunga. Tetekuwanga huambukiza mpaka kila lengelenge likauke na kufanya kigaga, kwa kawaida siku tano hivi tangu vipele vitoke. Kabla ya hapo usimpandishe ndege.

Muone daktari siku hiyohiyo. Barua atakayokupa itaje ugonjwa, tarehe ulipoanza, na kwamba mtoto hafai kusafiri. "Anaumwa" haitoshi. Hapa Uingereza kliniki nyingi hutoza pesa kujaza fomu ya bima. Lipa tu, utunze risiti.

Kisha wapigie bima. Ukichelewa kufuta safari na hoteli ikaongeza makato, tofauti unaweza kuibeba mwenyewe. Uliza: mnalipia familia nzima au mgonjwa tu? Na kile kiasi cha kujilipia ("excess", sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe), mnakata mara moja au kwa kila kichwa? Kwetu kilikatwa kwa kila kichwa, pesa ikayeyuka.

Hata tiketi isiyorudishwa, dai kwa shirika la ndege kodi ya abiria ya Uingereza iliyomo kwenye tiketi za watu wazima.

Ile bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44 kwa mgeni mtu mzima tangu Oktoba 2024, ni ya yatakayokupata ukiwa kule. Ya kuvunjika kwa safari nunua nyingine, siku unayokata tiketi. Vipele vikishatoka umechelewa.