Ukitaka Kulinganisha Muziki wa Kiingereza wa Nchi Mbalimbali, Anza na Ngoma

Kazi yangu ni kupangia matatu za Rongai muziki, na makanga huniuliza kila mara: kati ya Mjamaika, Mwingereza, Mnigeria na Mmarekani, nani mkali? Mimi huwaambia tusikilize kwanza. Wote hao wanaimba Kiingereza, nasi tunakimbilia maneno, ilhali kinachowatenganisha kiko kwenye ngoma.

Tafuta spika yenye besi. Hata ndogo ya Luthuli Avenue, Nairobi, inatosha, mradi usitegemee simu tupu, maana simu humeza besi, na bila besi reggae imekufa. Chagua wimbo mmoja kwa kila nchi, miaka yake ikaribiane.

Mara ya kwanza, achana na maneno. Gonga paja ukihesabu moja hadi nne. Kwenye reggae ya miaka ya 1970, mara nyingi pigo la kwanza huachwa wazi, ngoma kubwa inatua kwenye la tatu, na gita linakwaruza kwenye la pili na la nne. Nigeria ya leo utasikia mapigo ya pembeni yakienda matatu, kisha mawili. Halafu pima mwendo: hesabu mapigo ya sekunde 15, zidisha kwa nne. Grime, ile rap ya kasi ya London Mashariki ya kina Dizzee Rascal mwanzoni mwa miaka ya 2000, hukaribia 140 kwa dakika.

Mara ya pili, sikiliza ulimi unavyokalia biti. Hapa Jamaika ndiyo shule bora, kwa sababu kule biti moja hupewa waimbaji wengi. Chukua Sleng Teng ya 1985, iliyozaliwa kwenye kinanda kidogo cha Casio. Msikilize Wayne Smith juu yake, kisha Tenor Saw. Ngoma ni ileile, kwa hiyo chochote kilichobadilika ni cha mwimbaji. Rudia hadi sikio litenganishe sauti na biti lenyewe. Ukishaweza hilo, utasikia wazi jinsi kijana wa London anavyobana silabi, Mnigeria anavyorudiarudia kifungu kifupi cha Pijini, na Don Williams, Mmarekani wa muziki wa country, anavyoachia kila neno nafasi yake. Naamini ndiyo maana wazee wetu hapa Kenya wanampenda kiasi kile: hakuna neno linalowapita.

Amapiano usiiweke humu. Nyingi yake ni Kizulu na lugha nyingine za Afrika Kusini.

Mwisho, uliza nani alihamia wapi. DJ Kool Herc alizaliwa Kingston, Jamaika, akahamia New York. Agosti 11, 1973, kwenye sherehe ya dada yake huko Sedgwick Avenue, mtaa wa Bronx, alitumia santuri mbili za wimbo mmoja kurefusha kile kipande cha ngoma tupu, na hapo ndipo wengi huhesabia kuzaliwa kwa hip hop. Watu wa visiwa vya Karibi waliohamia London nao walijenga huko mitambo mikubwa ya muziki kama ya kwao, na grime imetoka mitaa hiyohiyo. Kwa hiyo rap na grime ni mabinamu, na nyanya yao yuko Jamaika. Makanga akiniuliza tena nani mkali, namwekea Kingston, Bronx na London kwa mfuatano huo, besi juu, na kumwomba anionyeshe ngoma inatua wapi.