Hofu Inapokukurupusha Usingizini: Hatua za Kufuata

Umelala bila ndoto yoyote, ghafla unajikuta umekaa kitandani, moyo unakwenda mbio, pumzi imebana, jasho linakutoka, vidole vimekufa ganzi, na akilini kuna wazo moja tu: nakufa. Wengi ninaowahudumia walianzia kitengo cha dharura. Walipimwa moyo, wakaambiwa ni mzima, wakarudi nyumbani wakiogopa kulala. Woga huo wa kulala unanitia wasiwasi kuliko shambulio lenyewe la hofu, kwa sababu ndio unaolirudisha.

Hatua ya 1: Lifahamu ukiwa macho

Hili si jinamizi. Ndoto za kutisha huja zaidi alfajiri, na ukiamka unaweza kuzisimulia. Shambulio la hofu kwa kawaida huja katika saa chache za mwanzo, usingizi unapozama, na haliachi nyuma kisa chochote cha kusimulia. Mwili umemwaga adrenalini, homoni ya dharura, kana kwamba kuna hatari. Unapumua haraka, kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu, na huko ndiko kunakotoka ganzi na kizunguzungu. Mara nyingi hofu hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka hata usipofanya lolote.

Hata hivyo, mwone daktari kwanza. Kukatika pumzi usingizini (hasa kama unakoroma sana), asidi ya tumbo kupanda kooni, pumu, hitilafu ya mapigo ya moyo, tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, sukari kushuka na kifafa cha usiku vinaweza kufanana na hali hii. Na kama maumivu ya kifua yanasambaa mkononi au tayani, umezimia, au safari hii hali ni tofauti na ulivyoizoea, usikae ukihesabu pumzi. Nenda hospitali mara moja.

Hatua ya 2: Dakika za kwanza, usipigane

Kaa kitako, kanyaga sakafu, washa taa hafifu. Jiambie maneno mafupi uliyoyaandaa mchana: "Ni hofu. Naijua. Itapita."

Usijishike mshipa kupima mapigo. Najua mkono unakwenda wenyewe, lakini kila ukipima unauambia ubongo kwamba kuna hatari ya kuchunguzwa, nao unaongeza adrenalini. Vivyo hivyo kukimbilia dirishani kutafuta hewa, au kuingia mtandaoni kusoma dalili za kiharusi. Hofu ni kama wimbi: anayelisukuma huchoka, anayeliacha limpitie hubaki amesimama. Acha moyo udunde na mikono itetemeke.

Hatua ya 3: Punguza pumzi

Watu huambiwa wavute pumzi ndefu, nami sikubaliani na ushauri huo. Tayari unapumua kupita kiasi. Vuta kidogo tu kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo likiinuka, kisha toa taratibu hadi 6. Usipumulie kwenye mfuko. Kama tatizo ni pumu au moyo, unaweza kujidhuru. Ukiona umeanza kujiuliza "mbona haijaisha?", acha kuhesabu na usikilize sauti zilizomo chumbani.

Hatua ya 4: Rudi kitandani kwako

Usingizi usipokuja baada ya dakika 20 hivi, toka kitandani, keti penye mwanga hafifu, soma kitu kisichosisimua, urudi macho yakilegea. Usihamie kwenye kochi hadi asubuhi, wala usiwashe televisheni ikulinde. Ukifanya hivyo siku nyingi, kitanda kinageuka mahali pa kuogopwa. Amka saa ile ile uliyozoea, hata kama usiku ulikuwa mbaya.

Anayelala nawe aelezwe mapema asikutikise wala kukurushia maswali. Akae karibu, aseme kwa sauti ya chini, "Niko hapa, itapita."

Hatua ya 5: Fanya mazoezi mchana

Hapa ndipo mabadiliko makubwa hutokea, na ndiyo hatua ambayo wengi huiruka. Kusudi ni kuuzoesha mwili hisia zile zile unazoziogopa. Kimbia papo hapo ulipo kwa dakika moja hadi moyo udunde. Siku nyingine jizungushe hadi upate kizunguzungu, au pumua kupitia mrija mwembamba. Kisha keti uache hisia zishuke zenyewe, bila kuzituliza. Rudia hadi zikuchoshe badala ya kukutisha. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa au ujauzito asianze bila ruhusa ya daktari.

Kahawa iishie mchana. Pombe huleta usingizi haraka, lakini huuvuruga baadaye usiku.

Mashambulizi yakijirudia, au ukianza kukwepa kulala, tafuta mwanasaikolojia anayetumia tiba ya kubadili fikra na tabia. Ina ushahidi mzuri kwa tatizo hili. Daktari anaweza pia kukuandikia dawa za kundi la zile za sonona. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na haziachwi ghafla: zungumza naye kwanza, azipunguze kidogo kidogo.