Kuweka sumu mbali na mtoto katika chumba cha kupanga

Miongozo mingi huanza na kabati refu lenye kufuli. Huku Igogo, Mabatini na Kirumba jijini Mwanza, familia nyingi zinaishi chumba na sebule, jiko liko kibarazani, na kabati likiwepo ni la vyombo. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii na nyumba ninazoingia ni hizo hizo, kwa hiyo naeleza yanayowezekana humo. Tafuta tranka la zamani la shule au ndoo ya rangi yenye mfuniko, kufuli dogo, kidumu cha lita 5 na misumari mirefu.

Hatua ya 1: Kusanya chupa zote

Toa kila chupa ya maji na ya soda, ukianzia uvunguni mwa kitanda. Utakuta mafuta ya taa ya kupima, jiki ya kupima, sabuni ya maji ya mtaani, pengine maji ya betri. Ukiishia hatua hii tu umeshafanya kazi kubwa. Mtoto wa miaka miwili hasomi lebo. Anachojua ni kwamba chupa ya namna ile ndiyo anayonyweshewa maji, na saa nane mchana ana kiu.

Mafuta ya taa yahamishie kwenye kidumu. Lisiwe dumu la njano la mafuta ya kula, maana hayo ndiyo tunayochotea maji. Chukua la rangi nyingine na ufunge kitambaa chekundu kwenye mpini. Mama anayepika sabuni kwa kostiki aiache kwenye chombo chake cha plastiki chenye maandishi, wala asiikorogee kwenye sufuria ya alumini, kwa sababu huila na kutoa gesi inayowaka.

Chupa zilizobaki tupu zikate kwa mkasi. Ukiziacha nzima, kabla ya Jumapili zitakuwa zimejazwa kitu.

Hatua ya 2: Pandisha juu na ufunge

Tranka likae mahali mtoto hafiki hata akipanda stuli, na funguo usiutundike pembeni yake. Ndoo itundikwe ukutani juu ya kichwa cha mtu mzima, mfuniko ukiwa umebana. Jiki na dawa ya choo yenye asidi zisikae pamoja. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Korido ni ya wote, kwa hiyo ongea na wapangaji wenzako. Maneno kama "Mama Neema, naomba jiki yako nayo tuipandishe, hawa watoto ni wetu sote" hayajawahi kuleta ugomvi mbele yangu.

Hatua ya 3: Kama baba ni mvuvi wa dagaa

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi hupumzika, na hapo karabai na mafuta yaliyobaki hurudi nyumbani. Siku hizo ndizo za kukagua upya. Waliohamia taa za betri nao wasijione wamepona: betri za gari zina asidi ya salfuriki, zichajiwe nje ya chumba wanacholala watoto.

Hatua ya 4: Vidonge

Usimwambie mtoto dawa ni pipi. Vidonge vya FEFO anavyopewa mjamzito kliniki vina madini ya chuma, na vingi kwa pamoja vinaweza kumuua mtoto mdogo. Visikae kwenye pochi.

Hatua ya 5: Sumu za wadudu na panya

Dawa ya pamba iliyotoka shambani Magu au Kwimba usiinyunyizie kunguni, hata kidogo. Ya dukani, tazama mkanda wa rangi chini ya lebo: nyekundu ndiyo kali kuliko zote, ikifuatiwa na njano, bluu, kisha kijani. Isiyo na lebo usinunue.

Hatua ya 6: Betri za kifungo

Zimo kwenye rimoti ndogo, midoli ya taa na mizani ya jikoni. Ikikwama kooni huanza kuunguza ndani ya saa 2. Bana vifuniko kwa skrubu au utepe wa gundi.

Hatua ya 7: Akishameza

Usimtapishe. Mafuta ya taa yakirudi juu huingia kwenye mapafu, na kostiki huunguza koo mara ya pili. Maziwa tunayoyakimbilia sote huweza kumtapisha, basi yaache. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, futa mdomo.

Kwa aliyemeza betri ya kifungo, asiyetimiza mwaka asipewe asali. Aliyezidi umri huo, kama anaweza kumeza, mpe asali vijiko viwili vidogo kila baada ya dakika 10, mwisho mara sita, huku mko njiani. Hospitali isisubiri asali. Anahitaji eksirei upesi.

Mjini nendeni hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Mlioko Ukerewe anzeni na kituo cha karibu badala ya kusubiri kivuko. Beba chombo chenyewe, taja saa aliyokunywa na kiasi kilichopungua. Aliyekunywa mafuta ya taa anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa, kisha akaanza kukohoa na kupumua haraka, kwa hiyo mkiambiwa mbaki chini ya uangalizi, bakini.