Mwaliko wa maonyesho Ulaya: hesabu za kufanya kabla hujajibu ndiyo

Barua ya mwaliko kutoka Berlin au Paris humfikia mchoraji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ikiwa na sifa nyingi na tarehe za ufunguzi, lakini mara nyingi haisemi nani analipa. Wengi hukwama hapo. Jumla ya gharama ni sehemu tu ya tatizo. Kinachoumiza zaidi ni kwamba pesa hutoka mfukoni miezi kadhaa kabla ya picha ya kwanza kuuzwa. Kwa hiyo chukua karatasi, na mbele ya kila gharama andika mambo mawili: nani anailipa, na lini.

Kwanza jua umealikwa na nani. Galari ya kweli haimtozi msanii nafasi ya ukuta. Inakula kamisheni, kwa kawaida asilimia 40 hadi 50 ya bei ya kuuzia. Anayekudai dola 1,500 ili utundike picha tatu ameshapata faida yake kabla mlango haujafunguliwa, na hana sababu ya kukutafutia mnunuzi. Mkatae, hata kama anwani yake iko New York au Venice.

Kisha jibu mwaliko kwa maswali ya maandishi. Nani analipia usafirishaji wa kwenda, na nani wa kurudi? (Kurudi ndiko kunakosahaulika, na ndiko kunakowaachia wasanii madeni.) Bima ya kazi inaanzia mlangoni kwako au kwenye galari? Nani anawamba kanvasi na kununua fremu? Nani anabeba kodi ya forodha? Picha ikiuzwa, unalipwa baada ya siku ngapi? Siku 30 ni ombi la haki. Mwenyeji makini hachukizwi na maswali haya, na asiyeyajibu ameshakupa jibu.

Mzigo

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea bure. Mzigo wa ndege hautozwi kwa mizani peke yake. Wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanagawanya kwa 5,000 (kampuni nyingi za vifurushi vya haraka) au 6,000 (kago ya kawaida), kisha wanatoza uzito ulio mkubwa kati ya huo na wa mizani. Picha ya sm 120 × 100 iliyowambwa, ndani ya sanduku la sm 135 × 115 × 15, inahesabiwa karibu kilo 47 kwa kigawanyo cha 5,000, hata kama mizani inasoma 14. Itoe kwenye fremu, iviringishe, itie kwenye bomba lenye vipimo vya nje vya sm 116 × 20 × 20: inakuwa kilo 9.3, na bomba hilohilo linabeba picha tano au sita. Zaidi ya hapo, jumla ya vipimo hivyo ni sm 156. Mashirika mengi ya ndege yanakubali hadi sm 158 kwa begi la kawaida, kwa hiyo unaweza kusafiri nalo mwenyewe bila kulipia kago.

Kuviringisha kuna masharti. Rangi ikae upande wa nje, kwa kuwa ikikaa ndani inabanwa na kujikunja. Kiini cha kuviringishia kisipungue kipenyo cha sm 15. Acha sm 5 za kanvasi tupu kila upande, la sivyo fundi wa huko hatakuwa na pa kushika anapowamba upya. Kati ya picha na picha weka karatasi laini isiyo na asidi; nailoni ya mapovu ikigusa rangi kwenye joto inaacha alama za duara ambazo hazitoki. Rangi ya mafuta inahitaji miezi kukauka kabla ya kuviringishwa. Akriliki hukakamaa kwenye baridi, hivyo bomba likifika Ulaya msimu wa baridi liache ndani ya chumba chenye joto saa 24 kabla ya kulifungua. Picha za Tingatinga za rangi nzito ya enameli hupasuka zikiviringishwa. Hizo peleka bapa, tena za vipimo vidogo.

Wachongaji wana mzigo wao. Mpingo uko kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017. Bidhaa zilizokamilika zenye mpingo usiozidi kilo 10 kwa shehena moja hazihitaji kibali cha CITES, lakini sanamu moja kubwa inavuka kiwango hicho kirahisi. Sanduku la mbao ghafi lazima liwe limepashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 na kupigwa muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu kwenye mbao za kufungashia. Plaiwudi imesamehewa, ila vipande vya mbao ulivyopigilia kuiimarisha havijasamehewa, na kwa hivyo mzigo mzima unaweza kuzuiwa.

Forodha

Kwenye ankara andika "mchoro halisi wa mkono" na namba ya forodha ya aina ya bidhaa, 9701. Sanamu halisi ni 9703. Chini ya namba hizo Umoja wa Ulaya hautozi ushuru, na VAT ya kuingiza ni ndogo: asilimia 7 Ujerumani, 5.5 Ufaransa. Ukiandika "mapambo" utalipishwa kiwango kamili, ambacho Ujerumani ni asilimia 19. Nafuu zaidi ni mwenyeji kuomba uingizaji wa muda kabla mzigo haujaondoka, ili kodi ilipwe kwa zilizouzwa tu. Usiandike thamani ya dola 10 kukwepa kodi: mzigo ukipotea, bima italipa dola hizo 10. Nyumbani nako, forodha wagonge muhuri orodha yenye picha na vipimo wakati kazi zinatoka. Bila hiyo, zisizouzwa zikirudi zinaweza kutozwa kama bidhaa mpya.

Viza

Ada ya viza ya Schengen, inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya zikiwemo Ujerumani na Ufaransa, ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Ongeza ada ya kituo cha maombi, bima ya afya isiyopungua euro 30,000, na nauli kama ubalozi husika uko nchi jirani. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Yapeleke mapema, maana majibu ya siku 15 yanaweza kufika 45. Usiazime pesa na kuziingiza zote benki wiki ya mwisho, kwani afisa anasoma mwenendo wa akaunti kwa miezi. Kama unakwenda Ujerumani, mwombe mwenyeji atie saini Verpflichtungserklärung, hati ya kubeba gharama zako mbele ya serikali yake.

Ruzuku na malipo

Tovuti ya On the Move huorodhesha bure fursa za fedha za safari. Jaribu pia Goethe-Institut na Alliance Française za mjini kwako. Soma kipengele cha malipo kwanza: ruzuku nyingi hurudisha pesa baada ya safari, kwa risiti. Omba sehemu kubwa itangulie, au mwenyeji anunue tiketi mwenyewe.

Halafu piga hesabu. Picha ya euro 1,000, kamisheni nusu, vifaa na fremu euro 80: unabaki na 420. Kama umetoa euro 2,000 mfukoni, lazima uuze tano ndipo zirudi. Ukiwa na picha nane, hiyo ni zaidi ya nusu ya ukuta, na mara nyingi ni busara kupeleka chache au kujadiliana upya.

Malipo yakija kwa benki, mwambie mtumaji achague OUR kwenye fomu ya kutuma pesa ili makato ya njiani yawe yake. Picha zisizouzwa ziachwe huko kwa mkataba unaotaja bei, tarehe ya mwisho ya kuuzwa, na nani atalipia kuzirudisha siku hiyo ikifika.