Kipupwe Lushoto: Jinsi ya Kupanga Mapumziko ya Mke na Mume

Kati ya Juni na Agosti masika yamekwisha, njia za milima ya Usambara zimeanza kukauka, na baridi ya Lushoto inamrudisha kila mtu ndani mapema. Ni wakati mzuri wa wanandoa kupanda huko. Pangeni kulala siku nne: mfike Alhamisi, jioni ya Ijumaa muwe kwenye mwamba wa Irente, Jumamosi msitu wa Magamba, Jumapili ibada na kupumzika, Jumatatu mteremke. Mkipungukiwa na siku, futeni Magamba, lakini Jumapili msiiguse. Wengi hufanya kinyume, wakarudi nyumbani wamechoka kuliko walivyoondoka.

Kutoka Dar es Salaam, basi linakula karibu siku nzima, na kilomita 33 za mwisho, kutoka Mombo kupitia Soni, ni kona tupu. Anayechafukwa na kona akae viti vya mbele na asile chakula kizito njiani. Jitahidini kufika kabla ya saa 10 jioni ili mkague chumba jua likiwepo. Shuka na mablanketi ya huko hunyonya unyevu wa ukungu. Yaanikeni dirishani hata nusu saa, kisha fungeni dirisha kabla baridi haijaingia.

Mji uko takriban mita 1,400 juu ya bahari, na usiku wa Julai joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi. Msikubali kuletewa jiko la mkaa chumbani, hata kwa dakika chache. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala hazinduki. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Tumieni chupa ya mpira ya maji moto: ijazeni theluthi mbili, ibonyezeni hewa itoke, ifungeni, izungushieni kanga, iwekeni upande wa miguu nusu saa kabla ya kulala. Maji yasiwe yanayotokota, yanaharibu mpira na kuunguza ngozi.

Kosa la watu wa pwani ni kubeba koti moja zito na kudhani wamemaliza. Koti hilo linafaa ukikaa. Ukianza kupanda unatoka jasho, unalivua. Ukisimama, upepo unakukuta na fulana mbichi. Kila mmoja avae jezi ya michezo mwilini, sweta la sufu juu yake, kisha koti jepesi la mvua. Fulana ya pamba ibaki ya kulalia, maana ikilowa haikauki kwenye ukungu. Anzeni kutembea mkiwa mnasikia baridi kidogo, na mkisimama vaeni sweta kabla ya kutetemeka. Soksi jozi tatu kwa mtu, moja isitoke chumbani.

Irente ni kama kilomita 5 kutoka mjini, saa moja na nusu kwa mwendo wa mazungumzo. Njiani pitieni Shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri, kwenye jibini, jemu na mkate. Mwamba wenyewe unatazama magharibi, nyika ya Mazinde ikiwa chini kabisa, na mwezi wa Julai jua linazama kama saa 12 na nusu. Kaeni hatua tatu nyuma ya ukingo, maana jiwe lenye umande linateleza. Giza halichelewi: ndani ya nusu saa hamtaona njia. Kila mmoja awe na tochi yake, na dereva wa bodaboda aelewane nanyi saa na bei kabla hamjapanda.

Hapo ndipo pa kuomba pamoja. Wakristo wasome zaburi moja fupi, kisha mume amwombee mke kwa sauti, na mke amwombee mume. Dakika mbili kila mmoja zinatosha. Kinachoharibu ni kuigeuza sala kuwa kesi: ukijisikia unamwambia Mungu "mfundishe asiwe na hasira", umeacha kuomba, unamsema mwenzako. Mshukuru kwanza kwa jambo moja alilokufanyia wiki hiyo, ulitaje waziwazi.

Waislamu wataswali Ijumaa mjini mchana, na magharibi itawakuta Irente. Kibla kutoka huko ni karibu kaskazini kamili. Nyasi zina umande, kwa hiyo tandikeni nailoni chini ya mswala. Bebeni lita moja ya maji kwa kila mtu ya kutawadhia, na chupa ya chai yenye maji moto ya kuchanganyia.

Magamba ni hifadhi ya Wakala wa Huduma za Misitu, hivyo lipieni kibali mapema na muende na mwongozaji. Ondokeni saa 2 asubuhi na maji lita mbili kila mmoja, mayai ya kuchemsha, ndizi na karanga. Wekeni saa ya kugeuza, saa 7 mchana, popote mtakapokuwa. Mteremko ndio unaoumiza: kateni kucha za miguu siku mbili kabla, kazeni kamba za viatu juu ya kifundo ili vidole visigonge mbele. Ngozi ikianza tu kuwaka, simameni mbandike plasta. Lengelenge likishatuna mmechelewa. Aliye mwepesi atembee nyuma ya mwenzake, ili mwendo uwe wa aliye mzito. Tembeeni kimya kwa vipande. Mbega huonekana zaidi na watu wasiopiga kelele.

Jumapili simu zizimwe mpaka jioni. Baada ya ibada zungukeni sokoni, ni siku ya soko kubwa, kisha laleni mchana bila kujuta. Madeni na ada za shule msiviguse.

Tiketi za Jumatatu nunueni siku moja kabla. Sweta lisikae chini ya begi: mtalihitaji alfajiri mnapoondoka, na mtalivua Mombo.