Namna ya kukagua mchanga na maji ya ufukwe wa umma: mfano wa Coco Beach

Anayefika Coco Beach, ufukwe wa Oysterbay jijini Dar es Salaam, siku ya mapumziko huitazama kwanza bahari, kisha hutafuta moshi wa mishikaki na meza ya mihogo, na ni nadra kukuta mtu akitazama kile anachokikanyaga. Ilhali mchanga hueleza mengi kuhusu ufukwe wenyewe: maji ya mto yamefika wapi, mbwa wamelala wapi, wimbi lilifika wapi jana, na nani alikula nini akatupa nini. Mwongozo huu unaeleza ukaguzi wa nusu saa ambao mzazi, mwalimu au kiongozi wa kikundi anaweza kuufanya kabla ya kuwaachia watoto, na hautaki vifaa zaidi ya chupa tupu ya plastiki iliyo angavu, siki kidogo, sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, na viatu vinavyofunika vidole.

Panga kwanza saa ya kwenda. Fika maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu bahari iliyojaa huficha kila kitu unachokitafuta. Katika pwani ya Dar es Salaam, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, huzidi mita 3, na siku hizo za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa takribani dakika 50.

Ukishafika, tembea kutoka juu kwenda chini, yaani kuanzia kwenye mchanga mkavu karibu na barabara hadi kwenye mchanga uliolowa, na usikubali sehemu moja ikuwakilishie ufukwe mzima. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili utauona wazi: ni ule mstari wa mwani, vijiti na takataka ulioachwa na maji kujaa ya mwisho. Mwani wenyewe si uchafu, hata ukinuka kidogo, kwani huushikilia mchanga usichukuliwe na mawimbi. Ninaona ni kosa kuufagia wote ili ufukwe upendeze katika picha. Kinachotakiwa ni kuugeuza kwa kijiti na kutazama kilichonaswa ndani yake, hasa vipande vya chupa, vizibo, nyavu na sindano.

Katika mchanga mkavu, piga magoti na uchambue kwa kijiti, si kwa vidole, eneo la hatua moja kwa hatua moja hadi kina cha kiganja. Kwa Coco Beach, adui wa kwanza wa nyayo si kiumbe wa baharini bali kijiti cha mshikaki, ambacho huzama kikiwa kimesimama na ncha yake juu, na karibu yake huwa kuna mkaa uliofukiwa ukiwa bado una moto. Mkaa uliofunikwa kwa mchanga hukaa na joto kwa saa nyingi bila kutoa moshi, kwa hiyo pita mbali na mahali ambapo majiko yalikuwa usiku uliotangulia, na anayechoma aombwe azime kwa maji badala ya kufukia.

Mchanga mkavu wa kivulini una jambo jingine linalosahaulika. Mbwa na paka wenye minyoo huacha mayai katika kinyesi chao, mabuu huanguliwa penye unyevunyevu na kivuli, kisha hupenya ngozi ya mtu aliyekaa au kulala hapo na kuacha mstari mwekundu unaojipinda na kuwasha kwa wiki kadhaa. Mchanga unaooshwa na maji ya chumvi kila siku hauwafai mabuu hao. Kwa hiyo mtoto mchanga asilazwe moja kwa moja chini ya mti, hata kama hapo ndipo panapoonekana salama zaidi kwa sababu ya jua. Tandika mkeka au turubai nene, na sehemu ya kuchezea iwe chini ya mstari wa mwani.

Sasa chukua chupa. Fundi ujenzi anayetaka kujua kama mchanga wa lori umechanganywa na udongo hutumia njia hiyo hiyo: jaza mchanga hadi theluthi moja ya chupa, ongeza maji hadi karibu na mdomo, tikisa kwa nguvu, kisha iweke chini. Chembe za mchanga hutua kwa sekunde chache, wakati udongo na tope hubaki vikielea na maji hukaa kahawia kwa dakika nyingi. Maji yakisafika upesi, mchanga ni mzuri. Yasiposafika, jiulize udongo umetoka wapi, na hapa mahali pana jibu: upande wa kusini wa Oysterbay, karibu na Daraja la Selander, Mto Msimbazi huingia baharini ukiwa umepita katikati ya jiji na kubeba kila kilichotupwa humo. Baada ya mvua kubwa za masika au vuli, usioge kwa siku mbili hadi tatu tangu mvua ikatike, hata kama maji yamerudia rangi yake.

Rangi peke yake isikudanganye, maana watu wengi huita mchanga mweusi kuwa mchafu na mweupe kuwa safi. Mabaka meusi yanayometameta juu ya mchanga mara nyingi ni madini mazito ya chuma; pitisha sumaku, na chembe zikiruka kuishika, umepata jibu. Dondoshea siki chembe nyeupe: zikitoa mapovu, zimetokana na matumbawe na makombe yaliyosagika, na zisipotoa huenda ni za mawe yaliyoletwa na mito. Weusi wa kuogopa uko chini. Chimba kwa kiganja na unuse. Tabaka jeusi lenye harufu ya yai viza maana yake ni kwamba kuna vitu vinavyooza pasipo hewa. Karibu na mikoko hilo ni jambo la kawaida, lakini katika ufukwe wa wazi, hasa penye bomba au mfereji jirani, lichukulie kuwa ni maji taka mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Vijidudu havionekani kwa macho, na hakuna ujanja wa nyumbani wa kuvipima. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2021 kuhusu maji ya kuogelea, lilipendekeza mchanga nao upimwe pamoja na maji, na likaweka kikomo cha muda cha bakteria 60 wa kinyesi aina ya enterokoki kwa gramu moja. Hicho ndicho kipimo cha kuwauliza wanaosimamia ufukwe. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika muhogo.

Usalama wa maji ndio ulio mzito kuliko yote, na kosa kubwa hutokana na hesabu ya mwezi. Idi ya Mfungo Mosi huangukia mwezi unapoandama, maana yake ni kwamba huangukia bamvua, tofauti na Idi ya Kuchinja ya tarehe 10 Mfungo Tatu, inayokuja wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana. Familia hufika asubuhi na kukuta maji yamekwenda mbali, watoto wanatembea hadi kwenye miamba, na mahali penyewe panaonekana kama uwanja. Bahari haipandi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, saa mbili za katikati huleta karibu nusu ya maji yote. Kama tofauti ni mita 3, basi kati ya saa sita na saa nane mchana maji hupanda mita moja na nusu, na mtoto aliyeachwa yakiwa magotini atakuwa amefunikwa kichwa kabla mzazi hajamaliza chakula. Siku hiyo mtu mzima mmoja asiwe na kazi nyingine ila kutazama maji kuanzia adhuhuri, na wapokezane kila nusu saa.

Tyubu ya gari inayokodishwa ufukweni si boya la uokozi, kwani humtoka mtoto wimbi la kwanza likipiga. Mtu akizidiwa, usijirushe. Mtupie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, lenye kamba kama ipo, na piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Aliyetolewa majini bila kupumua apewe pumzi 5 kwanza, kisha mikandamizo 30 ya kifua kwa kila pumzi 2, na muda usipotezwe kumning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo.

Mashimo nayo yana hatari yake. Mita moja ya ujazo ya mchanga uliolowa ina uzito wa karibu tani 2, na shimo linapobomoka halitoi nafasi ya kuita. Kina kisipite goti la mtoto anayechimba, na shimo lifukiwe kabla ya kuondoka.

Ukikuta kasoro, andika saa, hali ya maji, na idadi ya hatua kutoka mahali pasipohama kama nguzo au ngazi, piga picha mbili, moja ya karibu na moja inayoonyesha mazingira, kisha peleka kwa serikali ya mtaa na manispaa. Kwa kifusi, uchimbaji wa mchanga au bomba la maji taka, nakala iende NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na utaje kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachohusu shughuli ndani ya mita 60 kutoka baharini. Rudi mahali hapo hapo bamvua ijayo, upige picha nyingine ukiwa umesimama kwenye nguzo ile ile.