Kula mchana Central, Hong Kong bila kuumiza mfuko

Kama uko Central mchana, usiende saa saba kamili maana ofisi zote zinamwaga watu kwa pamoja na foleni inafika barabarani, nenda kabla ya saa sita na nusu au subiri saa nane ikipita. Tafuta cha chaan teng, ile migahawa midogo ya Kikantoni yenye viti vimebanana na menyu zimebandikwa ukutani.

Ukiingia onyesha kwa vidole mko wangapi, utapelekwa kiti chochote kilicho wazi hata kama mezani kuna watu usiowajua, ndo kawaida yao hapo, we kaa tu. Chai nyepesi ikiletwa mapema wengine wanaitumia kusuuza vijiti na bakuli. Agiza haraka, mhudumu hana muda wa kukusubiri ufikirie na si kwamba anakuchukia jamani, ana meza kibao.

Cha kuagiza? Mimi ningesema anza na wali na char siu, nyama ya nguruwe ya kuchoma yenye utamu kidogo, au bata bukini wa kuchoma. Kama huli nguruwe uliza kabla, maana inaingia kwenye vitu vingi hata supu. Chai ya maziwa ni nzito kwelikweli, na ukitaka ya barafu mara nyingi unaongeza dola kadhaa za Hong Kong.

Ukimaliza beba bili yako ukalipe kaunta mlangoni, na uwe na keshi, sehemu nyingine kadi ya benki hawapokei.